Utajiri wa madini, unyonge wa taasisi: tuanzie hapa Mirerani

Hesabu za Kijenge (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba usomwe wote kabla ya kuchangia.

Kila likitoka jiwe kubwa Mirerani, Arusha nzima huzungumza bei. Juni 2020, Saniniu Laizer alipoiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9 na ushee na jingine la kilo 5 na ushee, kwa shilingi bilioni 7.7, hakuna kijiwe kuanzia Mnara wa Saa hadi Sakina ambacho hakikupiga hesabu ya pesa zile. Agosti akapata la tatu, kilo 6.3, bilioni 4.8. Nilifurahi kama wengine. Ila kazi yangu ni kutunza hesabu za wamiliki wa migodi midogo, na kinachonikosesha usingizi ni safari ya jiwe tangu linapobanduka kwenye mwamba hadi linapoandikwa kwenye karatasi. Na kama linaandikwa kabisa.

Wachumi wanaiita laana ya rasilimali. Richard Auty aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1993, na mwaka 1995 Jeffrey Sachs na Andrew Warner wakaonesha kwa takwimu kwamba nchi zilizotegemea zaidi kuuza malighafi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikua polepole kuliko wenzao katika miaka 20 iliyofuata. Wengi wetu tumeishia hapo, tukasema basi, madini ni mkosi. Lakini mwaka 2006 watafiti watatu wa Norwei, Mehlum, Moene na Torvik, walilirudia swali hilo wakiongeza jingine: taasisi za nchi husika zikoje? Wakakuta kwamba madini hudidimiza uchumi pale ambapo mtu mwenye akili na mtaji anapata zaidi kwa kunyakua kuliko kwa kuzalisha. Pale ambapo mkataba unaheshimiwa na mahakama inasikiliza, madini yaleyale hayaleti madhara hayo.

Angalieni Botswana. Ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka 1967 almasi ikagunduliwa Orapa, kwenye ardhi ya kabila la Wangwato, na Rais Seretse Khama mwenyewe alikuwa wa ukoo wa kichifu wa Wangwato. Mwanasiasa mwingine angesema almasi ni ya kwetu. Sheria ya madini ya mwaka uleule ikaziweka haki za madini mikononi mwa taifa zima. Kwenye kampuni waliyoanzisha na De Beers, wafanyabiashara wakubwa wa almasi, Serikali ilianza na asilimia 15, na katikati ya miaka ya 1970 ikafika 50. Mwaka 1994 wakafungua Mfuko wa Pula wa kuweka akiba ya vizazi vijavyo, na wakajiwekea utaratibu kwamba pesa ya almasi iende kwenye shule, hospitali na barabara, isiliwe kwenye matumizi ya kila siku. Mwaka 2013 hata mauzo ya almasi ghafi ya De Beers yakahamia Gaborone kutoka London. Sisi tanzanite yetu, inayochimbwa hapa tu duniani, kwa miaka mingi imekatwa Jaipur, India, na sehemu kubwa ilifika huko bila kupita kwenye kitabu chochote cha Tanzania.

Sierra Leone nao wana almasi, wakapata vita kuanzia 1991 hadi 2002. Hapa nataka niwe mkweli kwenu: taasisi pekee hazielezi kila kitu. Almasi ya Orapa iko ndani ya mwamba, inataka mitambo mikubwa, na kampuni moja ni rahisi kuikagua na kuitoza kodi. Almasi ya Kono, kule Sierra Leone, imetapakaa kwenye kingo za mito, mtu yeyote mwenye koleo na chekeche anaipata, na mwenye bunduki anampora. Tanzanite iko katikati ya hawa wawili. Imejificha kwenye mwamba wenye kinywe (grafiti), mashimo yanashuka mamia ya mita, lakini sehemu kubwa inachimbwa na wachimbaji wadogo kwa mamia, kila mmoja na leseni yake. Kuisimamia ni kugumu kwa asili yake. Ndiyo sababu taasisi ndogondogo za hapa chini zina uzito kuliko hotuba yoyote.

Sasa, ukuta. Septemba 2017 Rais Magufuli aliamuru ujengwe kuzunguka machimbo ya tanzanite, Jeshi likaujenga, kilomita 24.5, akauzindua Aprili 2018. Takwimu za Serikali zilionesha mapato kutoka kwa wachimbaji wadogo wa tanzanite yakipanda kutoka kama milioni 166 mwaka 2017 hadi zaidi ya bilioni 1.4 mwaka 2018. Ukuta ulifanya kazi, sibishi. Lakini nilichokiona mimi kwenye vitabu kikibadilisha tabia za watu kilikuja mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mchimbaji mdogo aliyetaka kuuza kihalali alikuwa na mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, kodi ya zuio asilimia 5 na VAT asilimia 18. Jumlisha mwenyewe. Aliyepita njia ya panya hakulipa hata senti. Kwa hiyo mfumo ulikuwa unamwadhibu mkweli na kumzawadia mwizi, na watu walifuata hesabu, kama binadamu yeyote angefanya. Mwanzoni mwa 2019, baada ya wachimbaji kukutana na Rais Dar es Salaam, Bunge likaiondoa ile VAT na ile kodi ya zuio kwa wachimbaji wadogo. Machi masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la kwanza Geita. Ndipo wateja wangu wakaanza kuniuliza jinsi ya kupata risiti.

Hicho ndicho walichosema wale wa Norwei. Watu ni walewale, jiwe ni lilelile, faida ya kunyakua imepungua na faida ya kuzalisha imeongezeka.

Kilichobaki kimebaki ndani ya shimo, na ndicho kilichonifanya niandike. Nifungue daftari la mgodi wa kawaida. Kuna safu ya baruti na fyuzi. Dizeli ya kompresa. Unga, maharage, mafuta ya kula. Maji ya boza. Kila kitu kimeandikwa hadi shilingi mia. Kisha kuna safu ya mgawo wa wanaapolo, yaani vijana wanaoshuka shimoni kuchimba, na hiyo mara nyingi haina kitu. Vijana hawa kwa kawaida hawana mshahara. Wanakula na kulala kwa mmiliki, na mgodi ukitoa wanagawiwa. Wanagawiwa kiasi gani? Anajua mmiliki. Kuna waungwana wanaogawa vizuri sana. Kuna wengine kijana anakaa miaka chini, jiwe linatoka usiku, asubuhi anaambiwa lilikuwa la bei ndogo. Getini mwanaapolo anapekuliwa mpaka viatu. Anayegawa hakaguliwi na yeyote.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kusikia wa Moshi na wale mliowahi kushuka.

Sauti ya Ngarenaro

Mkuu, nimesoma yote. Lakini unazungumza kama vile shida ilianzia kwa mmiliki wa Kitalu D, eneo la wachimbaji wadogo pale Mirerani. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3. Tatu! Makampuni yalichimba miaka na miaka huku yakitangaza hasara. Hizo taasisi tuliandikiwa na nani? Mimi naona 2017 ndipo tulipoanza kuamka: sheria ya umiliki wa rasilimali, sheria ya kupitia upya mikataba yenye masharti kandamizi, mrabaha asilimia 6, hisa asilimia 16 za Serikali zisizopungua. Barrick, wachimbaji wa dhahabu, wakakaa mezani, ikazaliwa Twiga, kampuni yao ya ubia na Serikali. Bila ubabe ule hakuna taasisi ambayo ingetuletea.

Hesabu za Kijenge (mleta uzi)

Ndugu yangu, kuhusu 1998 sina ubishi. Mikataba ile ilikuwa mibaya, na ilikuwa siri, na usiri huo wenyewe ni ubovu wa taasisi. Mbunge hakuuona mkataba aliotakiwa kuusimamia.

Tofauti yetu ni ndogo. Ubabe unaweza kuvunja mkataba mbaya mara moja. Ili mzuri udumu miaka 30 kunahitajika ofisi inayojua kupima makinikia (mchanga wa madini), wakaguzi wanaosoma hesabu za kampuni tanzu za nje, na mahakama ambayo pande zote zinaiamini. Botswana hawakupata asilimia 50 kwa siku moja, walirudi mezani tena na tena wakiwa na wataalamu wao wenyewe, na kila safari makubaliano yaliyopita yaliheshimiwa. Asilimia 16 zile ni nzuri. Swali langu ni nani anakagua kila mwaka kwamba faida inayogawanywa ndiyo faida halisi. TEITI, taasisi ya uwazi wa mapato ya madini, mafuta na gesi, ambayo ina sheria yake tangu 2015, inalinganisha kilicholipwa na kampuni na kilichopokelewa na Serikali. Wangapi kwenye uzi huu wamewahi kufungua ripoti yake hata moja?

Binti Kibosho

Kaka mleta uzi, asante kwa kutukaribisha sisi wa Moshi. Naomba nizungumzie kahawa, kwa sababu nayo ni mali ya ardhi, na historia yake inajibu swali lako kuliko almasi ya Botswana.

Wachaga walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja chama kikuu cha ushirika, KNCU. Babu yangu alikuwa mwanachama. Alichokuwa anakisifia hadi anafariki ni mizani. Kahawa ilipimwa kwenye chama cha msingi mbele ya watu, mshale ukasomwa kwa sauti, karani akaandika kwenye kitabu na kwenye kadi ya mkulima, zikalingana. Akapewa malipo ya kwanza. Mnada ukiisha na bei ikijulikana, yanakuja malipo ya pili. Mtu ambaye hajui kusoma alijua ana kilo ngapi na anadai nini. Kutokana na makato ya kahawa ile watu walijenga shule milima yote hii, wakasomesha watoto kwa mkopo wa msimu. Chuo cha Ushirika hakikuwekwa Moshi mwaka 1963 kwa bahati nasibu, ushirika ulikuwa tayari unaishi hapa.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa amri, ikaja Mamlaka ya Kahawa. Vilirudishwa miaka ya 1980, lakini wazee walikuwa wameshaona kwamba kitu walichokijenga miaka 40 kinaweza kufutwa bila wao kuulizwa. Wengi hawakurudi kwa moyo uleule. Na siwatetei viongozi wa ushirika waliofuata, ubadhirifu ulikuwepo na madeni tumeyaona. Ila nakuuliza kaka: mlima ulikuwa uleule, mvua ileile, mibuni ileile. Kilichobadilika ni nini?

Hesabu za Kijenge (mleta uzi)

Dada, umenipa kitu ambacho nilikuwa nakitafuta. Mizani inayosomwa mbele ya watu na kadi mbili zinazolingana. Mirerani hatuna kitu hicho ndani ya mgodi. Mizani iko sokoni, baada ya jiwe kupita mikono yote.

Aliyeshuka

Wakuu, mimi nilikuwa mwanaapolo, sasa nina bodaboda Usa River. Naongea nilichokiona.

Unashuka kwa kamba na ngazi za mbao, unaingia pango ambalo huwezi kusimama wima. Moshi wa baruti haujaisha unashikishwa moko, ile tindo ya kuchongea mwamba. Ukitoka, kinywe kimekung'arisha mwili mzima, meno tu ndiyo meupe. Watu wakituona mjini wanatucheka, hawajui kile ndicho kinachoshika jiwe.

Mleta uzi umesema kuhusu mgawo, ni kweli tupu. Lakini umesahau mitobozano. Mnachimba upande wenu, jirani anachimba upande wake, mnatobozana huko chini. Hapo mawe yapo, kila mmoja anasema yapo kwake. Juu leseni ina mipaka, chini hakuna aliyepima. Nimeona watu wakipigana gizani kwa nyundo. Kesi ikipanda juu, mwenye jina anaishinda, au inakaa mpaka jiwe limeshachimbwa. Ile kamati ya kusuluhisha ikiwa na mpimaji wa kweli aliyeshuka na vifaa, watu wanakubali hata wakishindwa. Nimeliona hilo pia, kesi moja jamaa walipimiwa wakaonekana wameingia mita kadhaa kwa jirani, wakaondoka bila fujo.

Na jambo jingine. Machi 2008 mvua ilijaza mashimo, makumi ya watu wakafa. Mwaka 1998 vilevile. Mgodi usioandika nani ameshuka zamu hii, maji yakiingia utamtafuta nani? Mama anakuja kutoka Singida anauliza mwanangu, huna hata jina lake kamili, una jina la utani tu.

Hesabu za Kijenge (mleta uzi)

Pole sana ndugu yangu, na asante. Hilo la orodha ya zamu nitalianza kwa wateja wangu wote. Ni kalamu na daftari, hakuna gharama.

Wasomaji, rudieni hapo kwenye kesi ya mpimaji. Watu walishindwa na wakakubali. Hakuna askari aliyehitajika. Nchi nzima ingepata mambo mawili matatu ya namna hiyo kwenye migogoro ya leseni, mitaji ya ndani ingekuja yenyewe, kwa sababu mtu angejua akichimba miaka mitano bila kutoa, mwaka wa sita jiwe likionekana haliporwi na mwenye simu ya mkubwa.

Mwalimu wa Ngaramtoni

Nampongeza mleta uzi, ila Botswana imechorwa kwa rangi nzuri kupita kiasi. Tofauti ya kipato kule ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Vijana wengi hawana kazi. Wasan, wenyeji wa asili wa jangwa, waliondolewa Kalahari ya Kati hadi Mahakama Kuu ilipowapa haki ya kurudi mwaka 2006. Na sasa almasi za maabara zimebomoa soko, uchumi wao ulisinyaa mwaka 2024. Taasisi nzuri zimewasaidia kutunza pesa za almasi. Kuwapa uchumi mwingine nje ya almasi, bado.

Hesabu za Kijenge (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo. Yote uliyoyataja ni kweli na nilipaswa kupewa changamoto hiyo. Naongeza mawili tu. Wasan walishinda Serikali mahakamani, kwenye nchi ambayo Serikali ni mshirika wa kampuni ya almasi. Na Oktoba 2024, uchumi ukiwa umebana, chama kilichotawala miaka 58 kilishindwa uchaguzi na Rais Masisi akakubali matokeo upesi, bila risasi kupigwa. Almasi ikishuka bei, nchi bado ina pa kusimamia.

Kuhusu kutokuwa na uchumi mwingine, hapo nakubaliana nawe kabisa, na ndipo ninapotazama Kituo cha Jemolojia hapa Arusha, kinachofundisha ukataji wa vito. Kijana anayejua kukata na kung'arisha jiwe anaweza kukata rubi ya Longido, spineli ya Mahenge, hata jiwe la Msumbiji. Ujuzi hauishi mwamba ukiisha. Mwaka 2021 biashara ya tanzanite ghafi ilipoelekezwa ifanyike Mirerani, madalali wengi wa mjini waliumia, na mjadala ukawa ni soko liwe wapi. Mimi ningependa tubishane wakataji wawe wangapi.

Mama Olasiti

Mimi swali langu dogo. Hiyo halmashauri inapata nini, na sisi wananchi tunajuaje?

Hesabu za Kijenge (mleta uzi)

Mama, kuna ushuru wa huduma, chini ya nusu asilimia ya mauzo, unaokwenda halmashauri. Mgodi ukiuza milioni 100, haufiki laki tano. Ndogo kwa jiwe moja, ila mawe ni mengi. Mkutano wa kijiji au mtaa unatakiwa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, muulize kwa jina: ushuru wa huduma wa madini robo hii ni kiasi gani, umefanya nini. Anayesoma taarifa akijua kuna mtu ataliuliza hilo swali kila robo, ataliandaa jibu.

Mmiliki Kitalu D

Nimekaa kimya nikisoma. Naomba niseme upande wetu bila hasira.

Mimi nimechimba miaka mingi bila kutoa kitu cha maana. Nimeuza nyumba moja na gari. Wanaapolo wangu nimewalisha muda wote huo, nani aliandika hasara hiyo? Mgawo siandiki kwa sababu moja: nikiandika mkataba, kesho naambiwa mimi ni mwajiri, nilipe michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi, kima cha chini cha mshahara, kodi ya mishahara, wakati mgodi hauna hata shilingi. Mniambie nifanyeje. Siyo kwamba sitaki haki.

Aliyeshuka

Bosi, hapo umesema kweli. Hata sisi wengi hatukutaka mshahara wa laki mbili. Tulitaka asilimia yetu ijulikane kabla ya kushuka, na mmoja wetu awepo jiwe likipimwa.

Hesabu za Kijenge (mleta uzi)

Mzee wangu, nashukuru kwa kujitokeza, na hoja yako ni nzito. Sheria ya kazi inawajua mwajiri na mwajiriwa. Mgawo wa mgodini ni ubia: mmoja analeta leseni na chakula, mwingine mabega na muda, na wote wanangoja bahati. Sheria ya Tanzania kuhusu madini imerekebishwa mara kadhaa tangu 2010, na mara nyingi mjadala umekuwa ni wa Serikali na kampuni kubwa. Huu wa mmiliki mdogo na mwanaapolo haujapewa siku yake.

Ninachopendekeza ni karatasi ya ukurasa mmoja, kwa kila zamu. Majina kamili ya walioshuka na ya ndugu wa kupigiwa simu. Asilimia ya wachimbaji, iliyokubaliwa kabla. Gharama za chakula na baruti, kama zinakatwa kwanza au hazikatwi. Mtu mmoja aliyechaguliwa na wachimbaji, anayekwenda sokoni na mmiliki na kusaini pale mizani inaposomwa. Nakala mbili, kama kadi za babu yake Binti Kibosho. Tume ya Madini ikiitambua karatasi hiyo kama mkataba wa ubia, mzee wangu hapa haogopi tena kuiandika.

Nimeshaandika rasimu. Mmiliki na Aliyeshuka, nawatumia nyote wawili usiku huu, kila mmoja aniandikie pembeni pale asipokubali. Mkishamaliza nitaiweka hapa ili wengine nao waipitie kabla hatujaipeleka kwenye chama cha wachimbaji.

Mmiliki Kitalu D

Itume. Kwenye hilo la baruti kukatwa kwanza tutabishana, nakwambia mapema.

Aliyeshuka

Baruti sawa, ikatwe. Chakula hapana.